Mabaki ya wanyama: jaa la kijiji cha K2 linavyosomwa

Katika akiolojia, mabaki ya wanyama ni kila kilichotoka kwenye mwili wa mnyama kikasalia udongoni mahali watu walipoishi. Mifupa na meno ndiyo mengi, lakini humo mna pia viini vya pembe, magamba ya samaki, gamba la kobe, maganda ya mayai ya mbuni na makombe ya konokono. Bangili ya pembe ya ndovu na ncha ya mshale iliyochongwa kwa mfupa vimo vilevile, ingawa mara nyingi hupelekwa kabati jingine.

Mfano mzuri ni K2, au Bambandyanalo, kijiji cha kale kilicho kama kilomita moja kutoka kilima cha Mapungubwe, kaskazini mwa Afrika Kusini, karibu na mito Shashe na Limpopo inapokutana. Kilikaliwa takriban kati ya mwaka 1000 na 1220. Wenyeji walilima, walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, na waliwinda. Taka zao zilirundikana katikati ya kijiji hadi zikawa jaa kubwa. Mwanaakiolojia Guy Gardner alichimba hapo kati ya 1935 na 1940, na baadaye mtafiti Elizabeth Voigt akaichambua mifupa ya eneo la Mapungubwe. Mifupa ya mifugo inatawala, ya porini ni sehemu ndogo. Kauli hiyo ina maana tu ukijua kwanza mifupa huhesabiwaje.

Kazi inaanzia kwenye chekeche. Udongo ukichekechwa kwa matundu ya milimita 10, utapata vipande vya ng'ombe na kukosa panya, samaki na ndege. Ukishuka hadi milimita 2 wadogo wanajitokeza, na kijiji kilichoonekana cha wala nyama ya ng'ombe tu huanza kuonekana kina wavuvi pia. Kwa hiyo ukisoma ripoti yoyote, tafuta ukubwa wa matundu kabla ya kutazama jedwali. Mikusanyo ya zamani iliyookotwa kwa mkono haifai kulinganishwa moja kwa moja na ya leo.

Kisha kila kipande kinawekwa kando ya mifupa ya wanyama wanaojulikana, iliyohifadhiwa makumbusho. Vingi havifiki kwenye jina. Kibanzi cha mfupa mrefu kisicho na ncha kinaweza tu kupangwa kwa ukubwa wa mnyama mwenye kwato mbili: daraja la kwanza ni funo na dondoo, la pili swala pala, kondoo na mbuzi, la tatu ng'ombe, nyumbu na tandala mkubwa, la nne nyati na pofu. Hapa ndipo mfugo na windo huchanganyika, kwani kibanzi cha daraja la tatu chaweza kuwa cha ng'ombe wa zizini au cha tandala wa porini. Anayeviingiza vyote kwenye safu ya ng'ombe amejitengenezea kundi kubwa la mifugo kwa kalamu.

Baada ya hapo zinakuja hesabu mbili. Ya kwanza ni idadi ya vipande vilivyotambuliwa. Ni rahisi, ila mfupa mmoja ukivunjwa mara sita unahesabiwa sita. Ya pili ni idadi ya chini kabisa ya wanyama. Tuseme una ncha za chini za mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa kondoo, saba za kushoto na nne za kulia. Kondoo mmoja ana moja tu ya kushoto, kwa hiyo walikuwepo wasiopungua saba. Hesabu hii nayo ina mtego wake: ukigawa jaa katika tabaka kumi na kuhesabu kila tabaka peke yake, jumla inapanda, ukilichukua jaa zima kama fungu moja, inashuka. Wala hakuna hesabu kati ya hizo mbili inayokuambia kundi zizini lilikuwa la wanyama wangapi.

Kati ya chungu na jaa palikuwa na mbwa. Mtafiti C. K. Brain, katika miaka ya 1960, alikusanya mifupa ya mbuzi kwenye makazi ya wafugaji kando ya mto Kuiseb, Namibia, mahali ambapo ilijulikana kuwa mbuzi wazima walichinjwa na kuliwa papo hapo. Ncha ya chini ya ule mfupa wa juu wa mguu wa mbele ilibaki tele. Ncha yake ya juu karibu haikuonekana. Ya chini ni ngumu na hukomaa mapema, ya juu ni laini, hukomaa kwa kuchelewa na mbwa huitafuna. Kabla ya hapo pengo la namna hii lingeweza kuelezwa kwa mila ya kutupa au kuchagua nyama. Nungunungu naye huacha mifereji mipana iliyolala sambamba, jua hupasua mfupa uliobaki juu ya ardhi, na sururu ya mchimbaji hukwaruza. Mkwaruzo wa sururu ni mweupe kuliko uso wa mfupa unaouzunguka; alama ya kisu cha kale ina rangi ileile ya mfupa.

Umri unasomwa menoni. Gego la tatu la kondoo huota kati ya miezi 18 na 24, la ng'ombe kati ya 24 na 30. Kosa la wanaoanza liko kwenye taya la chini: gego la mwisho la utoto lina vitalu vitatu, yaani sehemu tatu zilizofuatana, na gego la tatu la ukubwani nalo lina vitatu. Tazama kitalu cha nyuma. Kwenye gego la ukubwani ni kidogo, kama mkia. Kwenye la utoto vyote vinakaribiana, na mizizi yake ni myembamba iliyotanuka. Ukilikosea, ndama anageuka kuwa ng'ombe mzima. Tofauti hiyo ni kubwa, maana madume wengi waliochinjwa wachanga huashiria ufugaji wa nyama, na majike wengi waliozeeka huashiria maziwa na mali ya kuhesabiwa.

Kondoo na mbuzi ni shida nyingine. Kiini cha pembe huwatofautisha vizuri, na ncha ya chini ya mfupa wa kanyagio (ule mrefu ulio juu ya vidole vya mguu) pia, ubavu hausaidii. Kipimo cha kolajeni, protini iliyomo mfupani, kinaweza kutatua hilo, ikiwa protini hiyo haijaoza.

Pembe za ndovu za K2 hazisomwi kama chakula. Zilichongwa bangili, na eneo hilo lilibadilishana bidhaa na pwani ya Bahari ya Hindi, kama shanga za kioo zilizopatikana humohumo zinavyoonyesha. Gardner alikuta pia ng'ombe waliozikwa. Mifupa yao haimo kwenye hesabu ya mlo: mnyama aliyezikwa mzima huleta mifupa yake yote kwa pamoja, na akiingizwa kwenye safu moja na vipande vya jaa, anavuruga uwiano wa kila kiungo.