Kalsiamu peke yake haitibu osteoporosisi

Ninaandika haya kwa sababu, kila mara, mama aliyekoma hedhi huja kliniki akilalamikia magoti, huku mkononi ana vidonge vya kalsiamu alivyoambiwa kuwa vitamponya osteoporosisi. Maumivu hayo ya magoti ni ya viungo. Osteoporosisi yenyewe haiumi. Mfupa hukonda kwa miaka bila dalili, hadi mkono uvunjike kwa kuteleza bafuni, au pingili ya mgongo ibonyee mama anapoinua ndoo ya maji, kisha kimo kipungue, mgongo upinde, na watu wa nyumbani waseme ni uzee.

Chanzo kikubwa ni kupungua kwa estrojeni, homoni inayozizuia seli zinazobomoa mfupa. Kalsiamu peke yake hapo ni saruji iliyorundikwa kwenye kiwanja chenye wabomoaji wengi kuliko waashi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wanawake zaidi ya 36,000, haukuthibitisha kwamba kalsiamu na vitamini D vilipunguza kuvunjika kwa nyonga katika kundi zima, ilhali mawe ya figo yaliongezeka. Sisemi kalsiamu haina kazi: asiyeipata ya kutosha katika maziwa au dagaa anaihitaji, hata akiwa kwenye tiba. Ninachokataa ni kuiita tiba.

Dawa ya kuanzia kwa wengi, figo na umio vikiruhusu, ni alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki, na utaratibu wa kuimeza ndio unaopuuzwa. Imezwe mara baada ya kuamka, kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mama akae wima au atembee kwa angalau dakika 30. Chai ya maziwa, au kidonge kile kile cha kalsiamu, huizuia isifyonzwe. Akirudi kulala, inaweza kuunguza umio.

Kuhusu DEXA, kipimo cha eksirei kinachopima msongamano wa mfupa, nina shaka ambayo siifichi. Alama ya −2.5 kushuka chini ndiyo huitwa osteoporosisi, lakini kwa kawaida hulinganishwa na wanawake weupe vijana wa Marekani, na wengi wanaovunjika mifupa wana alama zilizo juu ya hapo. Kwa hiyo mama aliyevunjika nyonga au pingili kwa kuanguka tu akiwa amesimama, nikishaondoa saratani na sababu nyingine, ninaanza kumtibu bila kuisubiri mashine.