Jina la duka si kinga: kwa watengenezaji wa shanga na mikoba wa Lamu

Tangu msimu wa kaskazi uanze na wageni wajae Shela na Langoni, malalamiko ya kuigana kazi yamekuwa mengi. Huyu kaibiwa jina, yule kaibiwa mshono, mwingine anataka "pateni" ya kidani. Siku ya Mali Bunifu Duniani ni Aprili 26, na kabla foleni haijafika mlangoni petu hapa KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili mali ya viwanda, tumeona tuandike.

Nianze na mikoba miwili. Katika kikao kimoja cha mafunzo pale Lamu, mama mmoja aliiweka mezani mbele yangu. Wa kwanza aliushona mwenyewe kwa tanga kuukuu la jahazi: kitambaa kigumu kilichoiva jua, kina michirizi ya kutu palipokuwa na pete, na harufu ya chumvi haijatoka hata baada ya kufuliwa. Kona ya chini ina kiraka cha pembe tatu, kwa sababu tanga lilikuwa limechanika hapo. Kifungo chake ni ushanga mkubwa wa kijani, wa kioo cha chupa. Mkoba wa pili aliununua hatua chache kutoka kibandani kwake, kwa nusu ya bei yake. Turubai jipya, kifungo cha plastiki, na kwenye kona ile ile kiraka cha pembe tatu. Nikaugeuza ndani nje. Chini ya kiraka hapakuwa na tundu.

"Mwanangu, mimi nina karatasi zangu," akasema, akatoa cheti cha jina la biashara na leseni ya kaunti.

Hapa ndipo penye shida, na nimelieleza jambo hili mpaka ulimi umeniota sugu. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Leseni ya kaunti inakuruhusu kufungua mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia jirani kuandika jina lako kwenye mikoba yake. Kinachomzuia ni alama ya biashara, yaani jina au nembo ya bidhaa zako, iliyosajiliwa KIPI.

Utaratibu ni huu. Kwanza utafutaji, kwa fomu TM27, ili ujue kama kuna aliyekutangulia. Kisha ombi lenyewe, fomu TM2, pamoja na picha ya alama na orodha ya bidhaa. Mkaguzi akiridhika, alama inatangazwa katika Jarida la Mali ya Viwanda, na kuanzia siku ya tangazo watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, unapewa cheti. Haki yako inahesabiwa tangu siku uliyowasilisha ombi. Siku ya cheti haihusiki, kwa hiyo usingoje. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa kwa miaka 10 mingine, tena na tena. Alama ikikaa miaka 5 mfululizo bila kutumiwa, mtu anaweza kuomba iondolewe. Mkaazi wa Kenya anaweza kuwasilisha mwenyewe. Halazimiki kumlipa wakala.

Wengi hukwama kwenye makundi ya bidhaa, yale yenye namba ambayo ombi hutaja. Kidani, bangili na herini ni kundi la 14, pamoja na shanga za kutengenezea mapambo hayo. Shanga za kushonea nguo au mapazia ziko kundi la 26. Tanga la chombo ni kundi la 22, lakini likishakuwa mkoba limehamia la 18. Kitambaa kinachouzwa kwa mita ni la 24. Nimeona ombi la mshona mikoba lililojazwa kundi la 22 kwa sababu "ni matanga", na ada imeliwa bure. Andika unachouza, wala si ulichokikata.

Na jina lenyewe liwe jina. "Shanga za Lamu" halitasajiliwa kuwa la mtu mmoja, kwa kuwa linataja tu kitu na mahali. Kikundi kinaweza kuomba alama ya pamoja yenye masharti ya ubora kwa wanachama, kama walivyofanya wasusi wa vikapu vya Taita. Akina mama wa Lamu wangefaidika sana na njia hii kama vikundi vingekubaliana nani awe mweka hazina, lakini hilo si la ofisi yangu.

Umbo la mkoba au mpangilio wa kidani halihitaji "pateni". Hataza, ndiyo hiyo "pateni", ni ya uvumbuzi wa kiufundi. Sura ya bidhaa husajiliwa kama muundo, kwa miaka 5, na huhuishwa mara mbili, jumla miaka 15. Sharti ni upya. Ukishautundika dukani na kuusambaza WhatsApp, halafu ndiyo uje kwetu, huenda umejivunjia upya wako mwenyewe. Bado kuna hakimiliki, ambayo haihitaji usajili, na sheria inazihesabu kazi za ufundi wa mikono miongoni mwa kazi za sanaa. Hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hapo yule mama ana pa kushika, ila lazima athibitishe yeye ndiye wa kwanza: michoro yenye tarehe, picha za kazi ikiendelea, risiti za kioo na kitambaa.

Wako pia wanaoamini kwamba ukibadilisha vitu vitatu kwenye kazi ya mwenzako imekuwa yako. Hesabu hiyo haimo katika sheria yoyote ninayoisimamia. Kwenye alama tunauliza kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa.

Upande wa pili nao usikilize. Mtu asije kuomba kumiliki kikoi, au mpangilio wa shanga aliourithi kwa bibi yake na ambao kila bibi wa mtaa anaujua. Mwaka 2007 pwani yote ilipiga kelele kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili neno "Kikoy" kuwa lake, na ombi lile halikufika mwisho. Haiwezekani tulichokikataa kwa mgeni tukubaliane nacho kwa jirani. Kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016, na mwenye haki humo ni jamii. Shanga za kioo zilikuwa zikiletwa hapa kutoka ng'ambo karne nyingi kabla yetu. Zimefukuliwa hata kwenye magofu ya Shanga, kisiwani Pate. Kutunga shanga hakuna mwenyewe.

Kuhusu lebo za majumba ya mitindo ya Paris zinazoshonwa kwenye mikoba ya vitambaa chakavu, sitasema mengi. Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 inamgusa anayetengeneza, anayeuza na anayeweka ili auze. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya mali hiyo, au vyote viwili. Kosa linalofuata ni kifungo kisichozidi miaka 15, au faini isiyopungua mara 5, au vyote viwili. Mikoba 20 ya shilingi 2,000 ni shilingi 40,000; faini haishuki chini ya 120,000. "Mimi nauza tu" si utetezi. Mikoba ya magunia ya unga yenye nembo ya kiwanda ni swali gumu zaidi, na kila kisa huamuliwa kivyake. Ushauri wangu ni kuigeuza nembo ndani.

Yule mama amerudi juzi. Jina lake limeshawasilishwa, kundi la 14 na la 18. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga, mkoba mpya, akataka nitazame mshono wake. Benchi la nje lilikuwa na watu saba. Nikamwomba asiufungue hapo, twende kwanza tukajaze fomu ya muundo.