Hati ya Kusafiria ya Mkimbizi: Majina na Tarehe Kwanza, Fomu Baadaye

Mkimbizi aliyeko Tanzania akipata nafasi ya masomo, matibabu au kuungana na familia iliyo nje, jambo la kwanza analouliza ni fomu inapatikana wapi. Fomu ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokwamisha safari ni jina la kwenye kumbukumbu za kambi kutofanana na lile la kwenye barua ya chuo, au mtu kuhesabu siku za kwenda na kusahau za kurudi. Makala haya yanaanzia huko.

Haki ya kupewa hati imo katika Ibara ya 28 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964. Mkataba unaitaka nchi impe mkimbizi anayeishi humo kihalali hati ya kusafiri nje, isipokuwa pale penye sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Wengi huiita hati ya Geneva. Si pasipoti ya Tanzania, na haimfanyi mwenye nayo kuwa Mtanzania. Haimpi pia ulinzi wa kibalozi ambao raia angeupata akiwa ugenini.

Mwenye haki hiyo ni aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi. Mwomba hifadhi ambaye shauri lake bado halijaamuliwa husubiri uamuzi kwanza. Jambo hili linawagusa hasa Warundi, kwa kuwa utaratibu wa kuwatambua kwa kundi ulisitishwa Januari 2017, na waliofika baada ya hapo hushughulikiwa mmoja mmoja. Kwa upande mwingine, Warundi walioingia nchini mwaka 1972 na baadaye kupewa uraia, wale wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, si wakimbizi tena. Wao huomba pasipoti ya kawaida kama Mtanzania yeyote, na wakiomba hati ya Geneva wanajipotezea muda.

Maombi hupitia kwa mkuu wa kambi au makazi, yakaenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Idara ikithibitisha hadhi ya mwombaji na sababu ya safari, Uhamiaji ndiyo hutoa hati. Kwa hiyo kwenda moja kwa moja Uhamiaji Kurasini, Dar es Salaam, bila barua ya Idara ni kurudishwa mlangoni. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nayo haitoi hati hii, ingawa inaweza kushauri na kuthibitisha taarifa za usajili.

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja. Itaje jina kamili kama lilivyo kwenye usajili, namba ya usajili, mahali unapoishi, nchi unayokwenda, sababu, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na nani anagharamia. Ambatisha ushahidi wa sababu hiyo: barua ya chuo, ya hospitali, au ya ubalozi kuhusu shauri la familia. Maneno kama “naomba kusafiri kwa shughuli binafsi” hayampi afisa kitu cha kupendekeza. Kuhusu picha, uliza kwanza idadi na rangi ya nyuma inayotakiwa kabla ya kwenda studio.

Sasa majina, na hapa msomaji atulie.

Mkongomani kwa kawaida ana majina matatu: la ukoo, la katikati na la ubatizo. Fomu nyingi za nje zina nafasi mbili tu. Kambini karani aliandika la ukoo kwanza, chuo kikaandika la ubatizo kwanza na kuliacha la katikati, na mwishowe karatasi mbili zinasoma kama za watu wawili. Kwa Warundi tatizo ni jingine. Kwa desturi yao baba, mama na watoto wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, hivyo afisa wa viza asiyeijua desturi hiyo hushuku kwamba mtoto si wa mzazi anayesafiri naye. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa usajili wa familia vikae pamoja na maombi tangu mwanzo. Halafu kuna R na L zinazobadilishana, na tarehe ya kuzaliwa iliyowekwa 1 Januari kwa sababu siku ya usajili hakuna aliyekuwa na kumbukumbu.

Marekebisho yana mpangilio wake. Anza na usajili wa mkimbizi, ndipo uende chuoni au kwa aliyekualika waandike upya kufuata usajili. Ukifanya kinyume, hati itatoka na jina la usajili wa zamani, kwa kuwa Idara husoma kumbukumbu zake yenyewe. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili inasaidia kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, lakini haibadilishi kumbukumbu. Watu wengi hulipia kiapo wakadhani kazi imekwisha.

Mtoto anaweza kuandikwa ndani ya hati ya mzazi kwa mujibu wa jedwali la Mkataba. Hata hivyo, utaratibu wa sasa wa usafiri wa anga ni kila mtu na kitabu chake, hivyo mwombee mtoto hati yake. Akisafiri na mzazi mmoja, andaa ridhaa ya maandishi ya mwenzake.

Tarehe zihesabiwe kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mkataba unaruhusu hati iwe ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiari ya nchi inayoitoa. Chukua mfano wa masomo ya Oktoba 2026 hadi Julai 2027. Hati ya mwaka mmoja iliyotolewa Juni 2026 itakufa Juni 2027, masomo hayajaisha. Tena nchi nyingi hutaka hati iwe na uhai wa miezi sita au zaidi wakati wa kuingia. Kwa hiyo taja tarehe ya kumaliza kwenye barua ya maombi na uombe waziwazi muda unaoifunika. Mkataba unaruhusu balozi zilizopewa idhini maalumu kuongeza muda usiozidi miezi sita, lakini hati za kusomwa na mashine haziongezwi muda kwa muhuri, kwa hiyo usijenge safari juu ya tumaini hilo.

Haki ya kurudi Tanzania inadumu kwa muda wote ambao hati iko hai, isipokuwa pale, kwa sababu ya pekee, nchi imeweka muda mfupi zaidi wa kurudi, ambao haupaswi kupungua miezi mitatu. Ukikabidhiwa kitabu, kisome hapo hapo dirishani: jina, tarehe, na maelezo yoyote kuhusu kurudi. Kosa la karani ni rahisi kurekebishwa siku hiyo kuliko baada ya viza kubandikwa.

Kutoka kambini ni ruhusa nyingine tena. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kuwa nje yake bila kibali ni kosa. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na miadi ya alama za vidole haimngoji mtu. Mkazi wa kambi ya Nyarugusu aombe kibali chenye siku za akiba baada ya miadi, kwa sababu miadi ikisogezwa na kibali kikaisha, anaweza kukamatwa akiwa anafuatilia jambo halali.

Misamaha ya viza waliyonayo Watanzania haimfuati mwenye hati ya Geneva, hata kwa nchi jirani. Uliza ubalozi ukitaja aina ya hati. Kwa wakala wa tiketi pia, usikubali kuandikwa uraia wa Tanzania. Kwenye hati za kusomwa na mashine, mkimbizi wa Mkataba wa 1951 ana alama yake ya kimataifa, XXB, na tiketi isiyolingana nayo huweza kumzuia mtu kaunta ya Uwanja wa Julius Nyerere. Kagua na viwanja vya kubadilishia ndege. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati ili kuchukua mizigo, na hapo utadaiwa viza.

Hati ikichelewa na familia inasubiri ng'ambo, uulize ubalozi kama unakubali karatasi mbadala. Nchi za Umoja wa Ulaya zina karatasi maalumu ya kubandikia viza kwa mtu ambaye hati yake haitambuliwi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo hutoa bila malipo hati ya dharura ya safari, pale nchi husika zikikubali.

Kosa zito kuliko yote ni kwenda ubalozi wa nchi uliyoikimbia kuomba pasipoti kwa kuwa “ni haraka zaidi”. Kujirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi hiyo ni moja ya sababu ambazo Ibara ya 1C ya Mkataba inazitaja za kukoma kwa ukimbizi. Kama kuna msiba au mzazi mgonjwa kule, pata ushauri wa kisheria kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Ada ya hati, kwa Mkataba, haipaswi kuzidi kiwango cha chini kabisa cha pasipoti za raia. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba. Anayekutaka utume fedha kwenye simu yake binafsi ni kishoka, na anayeuza nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni tapeli, maana huduma za UNHCR zote ni bure.

Piga nakala ya ukurasa wa picha na wa viza, uziweke kwenye barua pepe yako. Hati ikipotea nchini, chukua taarifa ya upotevu polisi kisha uende Idara. Ikipotea nje, toa taarifa polisi wa huko na ubalozi wa Tanzania, ukiwapa namba ya hati kutoka kwenye nakala hizo.