Tungamo la nyota nyutroni na la shimo jeusi

Katika elimu ya falaki, kupima nyota nyutroni (nyota ndogo iliyoshindiliwa mno) au shimo jeusi (mahali penye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka) ni kutafuta kwanza tungamo lake, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake. Vyote viwili huweza kuwa masalio ya nyota kubwa iliyokwisha kuchoma fueli yake na kiini chake kikaporomoka, na tungamo ndilo huamua kiini hicho kitakuwa kipi kati ya viwili.

Kinachopimwa hasa ni mwendo wa kitu jirani kinachovutwa na tungamo hilo. Anayesimama ufukweni Makunduchi usiku wa Julai huliona kundi la Mshale likiwa juu upande wa kusini, na huko ndiko kiliko kitovu cha galaksi yetu. Nyota iitwayo S2 hukizunguka kwa takriban miaka 16, na njia yake imewaonesha wanafalaki kwamba hapo pana shimo jeusi lenye tungamo la Jua letu mara milioni 4 hivi.

Nyota nyutroni ina mengi zaidi ya kueleza, kwa sababu ina uso na ina maada ndani. Ile iitwayo PSR J0740+6620 inazungukana na nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota ndogo zaidi iliyokwisha kufa. Mawimbi yake ya redio yanapopita karibu na mwenzake huchelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na kutokana na uchelewaji huo tungamo lake limepatikana kuwa karibu mara 2.1 ya Jua. Chombo cha NICER, darubini ya eksirei iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017, kilipima eksirei zake, na upana wake ukaonekana kuwa kama kilomita 25, unaokaribiana na upana wa kisiwa cha Pemba. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, kwani kinathibitisha kwamba maada iliyoshindiliwa kupita ile ya kiini cha atomu bado ina ugumu wa kuhimili mzigo huo, na nadharia zote zilizodai kwamba ingeporomoka mapema zaidi zimeanguka.

Shimo jeusi halina uso. Hujulikana kwa tungamo lake na kasi ya kujizungusha, na kadiri tungamo linavyoongezeka ndivyo mpaka wake, ambao kikiuvuka kitu hakirudi tena, unavyopanuka.

Kikomo cha tungamo kinachotenganisha nyota nyutroni na shimo jeusi bado kinatafutwa. Mwaka 2019 mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga inayotokana na vitu vizito vinavyoungana, yalileta habari za shimo jeusi la mara 23 ya Jua lililoungana na kitu cha mara 2.6, ambacho ni kizito mno kwa nyota nyutroni zinazofahamika na chepesi mno kwa mashimo meusi yaliyozoeleka.