Je, pip huleta Prolog nzima?

Wanafunzi wengi wa programu hapa Mombasa huamini kwamba ukiandika `pip install pyswip` (pip ni kisakinishi cha vifurushi vya Python), Prolog, yaani lugha ya programu ya kimantiki, nayo imeshaingia kwenye kompyuta. Si ajabu, maana maktaba nyingi za Python hujitosheleza.

PySwip ni daraja tu kati ya Python na Prolog. Injini yenyewe ni SWI-Prolog, nayo orodha ya mahitaji ya kifurushi hutaja vifurushi vya Python peke yake. Ndiyo maana usakinishaji hupita salama, kisha `import pyswip` inakwama: faili ya maktaba ya SWI-Prolog, `libswipl.so` (kwenye Windows, `libswipl.dll`), haionekani.

Jihakikishie mwenyewe. Andika `pip show -f pyswip`, usome faili moja moja: utakuta za `.py`, hutaiona `libswipl`. Kisha andika `swipl --version` uone kama SWI-Prolog ipo. Amri isipojulikana, kwenye Ubuntu andika `sudo apt install swi-prolog`. Angalia na biti: Python ya biti 64 haipakii `libswipl` ya biti 32, na kosa hili husumbua sana kwa sababu kila kitu huonekana kipo.

Anayetengeneza kifurushi cha aina hii alitaje sharti hilo mwanzoni kabisa mwa maelezo, na akijaribu kifurushi chenyewe kwenye mashine isiyo na Prolog. Venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) haitoshi, kwani haiifichi Prolog ya mfumo.