Kapeti la mwenye nyumba, dipoziti yako: dhana potofu na ukweli kwa wapangaji wa England

Kwetu zulia ni la aliyelitandika. Ukihama unalikunja, unalipakia kwenye kirikuu pamoja na godoro, na nyuma yako inabaki sakafu ya saruji au vigae. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Unguja akaja kupanga nyumba England hukuta mambo mengine: kapeti limebanwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, sebuleni, vyumbani, mpaka kwenye ngazi, na lote ni mali ya mwenye nyumba. Unalikanyaga miaka, kisha unaliacha hapo hapo. Baada ya kurudisha funguo ndipo inakuja barua pepe yenye picha za madoa na tarakimu ya kutisha.

Yangu ilikuja siku ya tisa. Wakala alidai pauni 640 za kapeti jipya la sebule, azikate kwenye dipoziti yangu ya pauni 1,150. Sababu ilikuwa alama nyeusi ya ukubwa wa sarafu karibu na dirisha, palipodondokea kaa la chetezo siku ya Idi. Alama ilikuwa yangu na sikuikana. Nilichokataa ni hesabu. Kabla ya kufika mwisho wa jambo hilo nilipewa ushauri mwingi na watu wanaonipenda, na sehemu kubwa ya ushauri huo haikuwa sahihi. Naandika ili mwingine asipoteze fedha zake kwa maneno yale yale.

Dhana: "Dipoziti ukishaitoa ni yake, yeye ndiye anayeamua akurudishie ngapi"

Ukweli: dipoziti ni fedha zako mpaka mwisho. Kwa sheria ya nyumba ya mwaka 2004, tangu tarehe 6 Aprili 2007 mwenye nyumba wa England analazimika kuiweka chini ya mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali. Katika England mipango hiyo ni mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Ana siku 30 tangu apokee fedha kuiandikisha, na ndani ya siku hizo hizo akupe maelezo ya maandishi kuhusu mpango alioutumia na namna ya kufungua mgogoro.

Kwa hiyo yeye ndiye mdai. Anayetaka kukata ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kuna uharibifu, kwamba umeufanya wewe, na kwamba kiasi anachotaka ni halali. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, fedha zinarudi kwa mpangaji. Wengi wetu tunaanza kwa kujitetea kana kwamba tumeshtakiwa, wakati tulipaswa kuanza kwa kuuliza: ushahidi uko wapi?

Kama hukuwahi kupewa maelezo hayo, ingia kwenye tovuti za mipango yote mitatu utafute jina lako na posikodi ya nyumba. Usipoipata popote, mwenye nyumba ndiye mwenye tatizo. Mahakama inaweza kumwamuru akulipe faini ya kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti. Angalia pia kama ulitozwa kupita kiasi: tangu Juni 2019, katika England, dipoziti haizidi kodi ya wiki tano pale ambapo kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Kodi ya pauni 1,000 kwa mwezi maana yake dipoziti isipite pauni 1,153 na senti zake.

Anayekodi chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe hafunikwi na ulinzi huu. Yeye njia yake ni makubaliano, au mahakama ya madai madogo.

Dhana: "Umeunguza kapeti, unanunua kapeti"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu dhana yenyewe inafanana na haki. Mtoto akivunja kioo cha jirani, baba yake ananunua kioo. Lakini kapeti si kioo. Kapeti linaisha kila siku linapokanyagwa, na mwenye nyumba anajua hivyo tangu siku anapolilipia. Akipewa jipya badala ya lililochakaa, atakuwa amepata faida juu ya hasara yake, na waamuzi wa mipango hii hawaruhusu hivyo. Anachostahili ni thamani iliyokuwa imebaki.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Unahitaji vitu vitatu: bei ya kapeti la aina ile, miaka ambayo kapeti la ubora ule hutarajiwa kudumu katika nyumba ya kupangisha, na umri wake siku unapotoka. Kapeti la bei nafuu linaweza kuhesabiwa miaka mitano tu, na lililo bora zaidi hufika kumi au kuzidi.

Chukua kesi yangu. Bei ya jipya pauni 640. Tuseme linadumu miaka 10, basi kila mwaka unakula pauni 64. Mwenye nyumba alilinunua miaka minne kabla sijaingia, nami nikakaa mitatu. Umri wake siku natoka ni miaka saba, iliyobaki ni mitatu. Tatu mara 64 ni pauni 192. Hicho ndicho kikomo hata ukikubali kwamba kapeti zima halifai tena. Kama lingekuwa na miaka 10 kamili, lisingekuwa na thamani ya kudai, au ingekuwa kidogo sana.

Kwa hiyo swali la kwanza kuandika kwa wakala ni fupi: kapeti lilinunuliwa lini, na risiti iko wapi? Mimi nilijibiwa baada ya kuuliza mara mbili. Wasiojibu huwa wanajua kwa nini hawajibu.

Mambo mengine mawili ya hesabu. Kama alama inaweza kusafishwa au kuzibwa kwa kipande, gharama ya kuanzia ni ya kusafisha au kuziba, si ya kubadilisha lote. Na uharibifu wa sebule ni wa sebule. Mwenye nyumba akitaka korido ifanane rangi na kapeti jipya, hiyo ni hiari yake na mfuko wake.

Dawa ya deni ni kulipa, tumefundishwa hivyo na ni kweli. Ila kwanza lazima lijulikane deni ni kiasi gani.

Dhana: "Doa ni doa"

Dhana hii inapotosha pande zote mbili. Wapo wenye nyumba wanaodai kila kivuli kwenye kapeti, na wapo wapangaji wanaoita kila kitu uchakavu.

Uchakavu wa kawaida ni ule unaotokana na kuishi tu: nyuzi kulala kwenye njia ya mlangoni, mashimo ya miguu ya kitanda na kabati, rangi kupauka pale jua linapopiga. Haya hayakatwi. Mwamuzi huangalia pia ulikaa muda gani na mlikuwa wangapi. Nyumba iliyopangishwa kwa familia yenye watoto wanne kwa miaka mitano haitegemewi kurudi kama chumba cha mtu mmoja aliyekaa miezi sita, na mwenye nyumba alipokea kodi huku akijua nani anaingia.

Uharibifu ni tukio. Alama ya pasi, hina iliyomwagika usiku wa kuamkia harusi, mkojo wa paka, sufuria ya moto iliyowekwa chini, kaa la udi. Haya ni yetu, na kuyakana kunaharibu hata hoja zako nzuri. Naomba pia tuache kukimbilia jiki. Dawa ile inaondoa rangi ya kapeti pamoja na doa, na doa la chai ambalo lingetoka kwa kusafishwa vizuri linageuka kuwa duara jeupe lisilotibika.

Dhana: "Sikupiga picha siku ya kuingia, basi nimeshindwa"

Hapana. Kumbuka nani anathibitisha. Ni yeye anayepaswa kuonyesha kapeti lilikuwaje ulipoingia, kwa orodha ya hali ya nyumba iliyoandikwa siku ile, halafu aionyeshe hali ulipotoka. Asipokuwa na orodha ya kuingia hana cha kulinganisha, na madai mengi yanafia hapo.

Kama orodha ipo, isome neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi inakusaidia wewe. Yangu iliandikwa na wakala yule yule, na kuhusu kapeti la sebule ilisema limetumika na limepauka dirishani. Katika barua ya madai kapeti hilo hilo likawa "katika hali nzuri sana". Nilizinukuu sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine, sikuongeza neno.

Tafuta pia kwenye simu yako. Picha ya mtoto akitambaa sebuleni mwezi wa kwanza, video uliyomtumia mama kumwonyesha nyumba: zina tarehe, na kapeti linaonekana.

Dhana: "Mkataba unasema lazima nilipie kampuni ya kusafisha makapeti"

Katika England kifungu hicho hakikubani tangu sheria ya ada za wapangaji ya 2019. Unatakiwa kurudisha nyumba ikiwa safi kama ulivyoikuta, na ukiweza kufanya hivyo kwa mikono yako na mashine ya kukodi, inatosha. Ukiiacha chafu kuliko ulivyoikuta, gharama ya kusafisha inaweza kukatwa.

Dhana: "Tusilipe mwezi wa mwisho, akate kwenye dipoziti"

Ni mazoea ya miji yetu mingi, na yanaeleweka kwa mtu aliyewahi kudhulumiwa. Hapa yanakugeuza wewe kuwa mdaiwa. Atakata kodi kihalali, kapeti atalidai juu yake mahakamani, na barua ya kukutambulisha kwa mwenye nyumba mwingine itasema hulipi.

Dhana: "Ugenini hakugombanwi, utaharibu viza"

Hii niliambiwa na shangazi kwenye simu, kwa upendo kabisa: "Waachie tu mwanangu, usije ukajitia matatani." Nimeisikia tena kwa wauguzi, kwa wanafunzi, kwa kaka zetu wanaofanya kazi za usiku maghalani. Naiona ndiyo dhana yenye gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu inamzuia mtu hata kusoma barua ya madai mpaka mwisho.

Mgogoro wa dipoziti ni jambo la madai kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Si kosa la jinai, na kuufungua si jambo la uhamiaji. Mwamuzi anasoma mkataba, orodha, picha na risiti. Huduma ya usuluhishi ya mipango hii haina malipo kwa mpangaji, huhitaji wakili, na mwamuzi hamjui mwenye nyumba wala wewe. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga hakikupunguzii haki. Andika sentensi fupi, au mwombe unayemwamini akusaidie kuzipanga.

Kuomba hesabu kwa adabu pia si ugomvi. Niliandika barua nzima nikimwita wakala kwa heshima yake, nikikubali alama ya kaa, nikikataa tarakimu.

Dhana: "Mwamuzi atakuja aone mwenyewe"

Haji. Anaamua kwa nyaraka peke yake, hapigi simu kuuliza ulimaanisha nini, na usichopeleka hakipo. Uamuzi wake unabana pande zote mbili. Ndiyo maana barua iwe na mpangilio: dai lao, jibu lako, ushahidi wako na namba ya picha. Masikitiko yako juu ya bomba lililovuja mwaka juzi yaache, kama hayahusu kapeti.

Angalia tarehe. Kwa kawaida mgogoro unatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi mitatu tangu upangaji uishe. Pande zote lazima zikubali usuluhishi, na mmoja akikataa kinachobaki ni mahakama. Mwenye nyumba akinyamaza kabisa, ipo njia ya kudai peke yako kwa tamko la kiapo pale fedha zinaposhikwa na mpango wenyewe. Wakati mnabishania sehemu, dai sehemu isiyobishaniwa irudi kwanza. Mimi walikuwa wanadai 640, kwa hiyo pauni 510 hazikuwa na sababu ya kusubiri, na baada ya kuandika hivyo zikarudi.

Kabla ya kufungua mgogoro nilimpa wakala nafasi: nilikubali kulipa pauni 190, nikamwandikia hesabu ile ya miaka. Alikataa. Wiki chache baadaye uamuzi ulikuja kwa maandishi. Umri wa kapeti miaka saba, muda wa kudumu miaka 10, uharibifu umekubaliwa na mpangaji, mwenye nyumba apewe pauni 192. Pauni 448 zikarudi kwangu.

Nyumba ninayokaa sasa, siku ya kuingia nilimwuliza wakala kapeti la sebule lina miaka mingapi. Akasema hajui. Nikamwomba aandike hivyo hivyo kwenye orodha, kwamba umri haujulikani, akaandika, na sote wawili tukatia sahihi.