Sayari Isiyo na Mwenyewe

Nafundisha sheria ya ardhi hapa Lubumbashi, na kila mwaka, kabla ya kufungua maandishi yoyote ya sheria, huwasimulia wanafunzi wangu kisa cha viumbe wenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ambao urefu wao ni kama sentimita 60 tu. Kisa hicho kimo katika Little Fuzzy, riwaya ya Mmarekani H. Beam Piper iliyotoka mwaka 1962. Mzee mmoja mtafuta vito, Jack Holloway, anamkuta kiumbe wa namna hiyo ameingia nyumbani kwake kwenye sayari ya Zarathustra. Sayari hiyo yote ni mali ya kampuni moja, kwa kuwa hati iliyoipa kampuni mamlaka inasema kwamba hakuna mwenyeji mwenye akili anayeishi pale. Ikithibitishwa kwamba wenyeji wa namna hiyo wapo, hati inabatilika.

Wasomaji wengi hukisoma kisa hiki kama swali la elimu ya viumbe: akili inaanzia wapi, na je, inaweza kukaa katika kichwa kidogo? Swali hilo ni zuri, lakini mimi naona mbele yake lipo lingine. Kampuni haingeshughulika hata siku moja kupima akili ya kiumbe yule kama asingekuwa amekalia vito. Aliyetaka jibu liwe "mnyama" alijua hasara yake kwa hesabu kabla kipimo hakijaanza.

Kwa mtu wa Katanga, eneo hili la Lubumbashi, jambo hili halihitaji sayari ya mbali. Agizo la Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, la tarehe 1 Julai 1885 lilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Uzito wote ulikuwa katika neno "tupu". Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana tupu, na vivyo hivyo msitu wa kuwindia, mto wa kuvulia na pori la kutundikia mizinga ya nyuki, kwa sababu aliyekuwa akitazama alitafuta nyumba na mazao, na asipoviona aliandika kwamba hakuna mtu. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, iliyosimamia ardhi ya jimbo na kugawa haki za kutafuta madini.

Katika riwaya, kanuni ya mkato ya kumtambua mwenye akili ni kwamba awe anasema na kuwasha moto. Hapa ndipo huwaomba wanafunzi wasimame kidogo. Wenyeji wa Katanga walikuwa wameyeyusha shaba kwa karne nyingi, na misalaba yao ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba. Walisema, na moto wao uliyeyusha jiwe. Walifaulu kipimo chote, na ardhi yao ikaandikwa tupu vilevile. Ndiyo maana siamini kwamba kipimo ndicho kinachoamua.

Sehemu ya riwaya ninayoipenda kuliko zote ni ile ya sauti. Viumbe wale huonekana hawana lugha, mpaka inapogundulika kwamba wanazungumza kwa mawimbi ya juu mno, yanayopita uwezo wa sikio la mwanadamu, ambalo ukomo wake ni karibu hezi 20,000. Waliitwa mabubu kwa upungufu wa masikio ya wengine. Naona mwandishi alifikiri vizuri sana hapo, kwa kuwa hakumbadilisha kiumbe hata kidogo ili akubalike. Alibadilisha chombo cha msikilizaji.

Mwisho wa riwaya ndio unaonisumbua. Viumbe wanatambuliwa mahakamani, lakini mara mazungumzo yanageukia kuwatafutia walezi, kama watoto. Udogo wa mwili umegeuka udogo wa haki. Babu yangu alisimulia jinsi, baada ya Wabelgiji kuleta mwaka 1952 utaratibu wa kumsajili Mkongomani "aliyestaarabika", watu wa tume walivyoingia nyumbani kwa jirani yake hapa mjini, wakatazama meza, uma na vitanda vya watoto, huku mwenye nyumba, mtu mzima mwenye kazi yake, akisimama kando akisubiri. Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1973 nayo, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba haki za jamii za wenyeji juu ya ardhi wanayoikalia zingepangwa kwa agizo la Rais, na kwa miongo mingi agizo hilo halikutoka.

Kwa hiyo zoezi langu la mwisho wa muhula ni kuandika upya shauri la Zarathustra, kiumbe mdogo akiwa ndiye mlalamikaji. Mwaka jana mwanafunzi mmoja kutoka Kolwezi aliandika ukurasa ambamo kiumbe hakubali kuulizwa juu ya moto. Anamwongoza hakimu kwa miguu, kutoka mti wa mzinga hadi kijito, kutoka kijito hadi kaburi la mama yake, na kila wanapofika kwenye alama ya mpaka anangoja mpaka karani amalize kuiandika, ndipo waendelee.